Mshenga wa Wambaa na Sheria ya Makaburi

Msiniulize tena. Kila nikenda kisimani, kila nikikaa harusini, lazima mtu atanisogelea, atajifanya anataka kuazima kawa, mwisho aniulize: "Bi Khairiya, ati marehemu kule Barazani alikubali au alikataa?" Ebo! Mie nilikuweko? Mie nilikuwa hapa hapa Wambaa, nakuna nazi. Lakini kwa kuwa uchaguzi mwengine unakuja na nyie hamtaki kuniacha, kaeni kitako nikuhadithieni mara moja, khalafu mnipe raha yangu.

Mume wangu, Soud bin Mjaka, hakuwa msomi. Alisoma chuoni kwa maalim, akasoma skuli kidogo, basi. Alikuwa na mikarafuu yake ya urithi na uzio wake wa samaki pwani, lakini kazi iliyomfanya ajulikane ni ushenga. Mtu wa Wambaa akitaka mke, awe yuko hapa, awe Chake Chake, awe Madungu, anakuja kwetu kumtafuta Soud. Na Soud atavaa kanzu yake, na koti lake jeusi lililopauka mabegani, atatoka na bakora kwenda kuposa kwa niaba ya mtu. Alikuwa hajui kumkatalia binadamu. Tangu nimjue mimi, neno "sitaki" lilikuwa halijatoka kinywani mwake, na lilimsumbua hata kulisikia kwa watu wengine.

Hapa lazima nikuelezeni, maana wageni hawafahamu. Sisi Wambaa posa haikataliwi usoni. Mshenga anakuja mara tatu. Mara ya kwanza anabisha hodi tu, anasema kilichomleta, anakunywa kahawa, anakwenda zake, na hakuna anayemjibu kitu. Mara ya pili ndiyo mazungumzo. Hapo mwenye binti akiwa anataka, atakuwa mgumu: atauliza kijana ana kazi gani, mbona alimwacha mke wa kwanza, mbona mjomba wake hasali. Akiwa hataki, atasifu. Atamsifu kijana, atausifu ukoo wake, atalisifu mpaka koti la mshenga, atasema nyumba yake imepata heshima isiyoistahiki. Mshenga anayejua kazi akizisikia sifa zile anaanza kutafuta viatu vyake. Mara ya tatu anakuja kuchukua jibu lenyewe, kwa upole, kwamba mtoto bado mdogo au anangojewa na binamu yake. Hakuna aliyetahayari, na kesho watu wanasalimiana kama kawaida.

Mimi mwenyewe nimeolewa hivyo. Soud alikuja kwa baba yangu kumposea Abrahman, mtu na mashamba yake. Baba akamsifu Abrahman mpaka mate yakamkauka. Mara ya tatu Soud alipofuata jibu, baba akasema mtoto bado mdogo. Soud akasema, "Vyema, Mzee Duni. Basi akishakua, mimi nitakuja kwa nafsi yangu." Baba akamgeukia na maswali makali, moja juu ya jengine, mpaka jasho likamtoka mwanamme wa watu. Mie nyuma ya mlango nikasema, haya, nimeshaolewa.

Ulipokuja uchaguzi wa mwaka sitini na moja, mnakumbuka wenyewe hali ilivyokuwa. Watu wa vyama hawasalimiani, dukani hawauziani, hata maiti hawazikani. Wakubwa wa chama wakaja kutoka Unguja kutafuta mtu asiyejua kugombana, wakaelekezwa kwetu. Soud hakutaka hata kidogo. Basi aliwasifu, masikini wa Mungu, aliwasifu sana, akasema hajapata kuona wageni wenye adabu kama wao. Wao wakashukuru, wakenda kuandikisha jina lake. Tulikuja kujua picha yake imeshabandikwa Chake Chake sokoni.

Akashinda. Akawa anapanda meli Mkoani kwenda Unguja, kukaa katika Baraza la Kutunga Sheria. Mara ya kwanza kuchangia, muswada ulikuwa wa taa za baiskeli. Alisimama, akamsabalkheri Mwenyekiti, akawaulizia wajumbe hali za watoto wao, akatoa pole kwa mjumbe mmoja aliyefiwa na shangazi, na alipofika kwenye baiskeli wakati wake ukawa umekwisha. Alinihadithia mwenyewe huku anacheka. Lakini alirudi amechangamka kweli kweli.

"Mama Time," akaniambia, maana binti yetu ni Time, "kule si mahala pageni. Ni posa tupu! Muswada unasomwa mara tatu. Mara ya kwanza unasomwa, hapana anayesema kitu. Mara ya pili ndiyo watu wanazungumza. Mara ya tatu ndiyo jibu."

"Na mwenye binti nani?" nikamuuliza.

"Sisi. Serikali ndiyo inayoposa."

Nikamwambia asijitie ujuaji, watu wa Unguja wana mambo yao. Akasema mimi naona kila kitu kigumu. Na kweli naona.

Sasa mama yake. Mama mkwe wangu, Bi Mwanawema, Mungu amrehemu, alikuwa na ulimi wa pilipili, na pilipili yote ilikuwa yangu. Nyuma ya nyumba yetu, penye mlangilangi, pana makaburi mawili: la mumewe, Mzee Mjaka, na la mtoto wao wa kwanza, aliyekufa bado anatambaa. Kati yao iliachwa nafasi ya mtu mmoja. Bi Mwanawema alikuwa akiifagia kila Ijumaa kama anafagia chumba cha kulala. Hakulima muhogo pale, hakuanika karafuu pale, na kuku wangu wakipakanyaga basi natukanwa mimi na aliyenizaa. "Huku mume wangu, huku mwanangu," akisema. "Mie nitalala kati, niwatulize wote wawili."

Ndipo ukaja muswada wa makaburi. Tuliusikia kwenye redio ya Bwana Turki bin Marhoun, mwenye duka hapo ng'ambo ya njia. Serikali inataka watu wasizike tena majumbani wala mashambani, kwa sababu ya visima na maradhi. Kila upande utakuwa na kiwanja chake kilichozungushiwa waya, na chetu kishapimwa, karibu na njia ya Chake Chake. Bi Mwanawema aliposikia, aliinuka hapo hapo. Alikwenda akasimama kwenye nafasi yake, akarudi, akamwita mwanawe.

"Soud. Tangu nikuzae sijakuomba kitu. Hata kanga huninunulii mpaka nikukumbushe. Nakuomba hili moja. Nenda kawaambie kuwa mie sendi kulala kwenye waya na watu nisiowajua."

"Nitawaambia, mama."

"Uwaambie waelewe."

"Wataelewa, mama, inshallah."

Akaondoka. Na sisi tukawa kila alasiri tuko karibu na duka la Turki, wanaume barazani, wanawake upande wa mlango wa uani, tunaisikiliza ile redio inavyokoroma. Siku moja ikasema. Ikasema Mheshimiwa Soud Mjaka wa Pemba ameusifu muswada wa makaburi. Amesema ni muswada wa hekima, wenye kuwapa heshima watu wa Pemba isiyo kifani. Khasa amekisifu kifungu kinachotaka makaburi yafuatane kwa mstari, kila anayekuja awekwe ubavuni mwa aliyetangulia, bila ya mtu kuwekewa nafasi. Amesema watalala kama walivyokuwa wakipanga safu msikitini.

Mzee Mwalim, jirani yetu, akaruka juu na fimbo yake. "Wamenyimwa! Wallahi wamenyimwa!"

Turki akamkodolea macho. "Weye Mwalim, una wazimu? Mtu kasema sheria ni nzuri!"

"Ndo kwanza! Angalikuwa anaitaka angaliwauliza maswali!"

"Kakubali huyo!"

"Kakataa!"

Wakataka kushikana pale pale. Turki babu yake alitoka Oman, na ingawa kazaliwa hapa na anakula muhogo wetu, mambo yetu ya posa hajapata kuyafahamu. Binti zake wote wameposwa na binamu zao. Watu wa mtaa wa juu wakashikilia kakataa, watu wa mtaa wa chini wanaonunua dukani kwa Turki wakashikilia kakubali. Bi Mwanawema alipiga kigelegele mpaka akakohoa. Mimi nilisimama na kikombe changu cha sukari, nikawa sijui nifurahi au nilie.

Soud aliporudi alikaa kitandani na viatu vyake. Mtu yule havai viatu ndani hata siku moja. Nikafunga mlango.

"Baba Time, umekubali au umekataa?"

Akanitazama kama mtu aliyeamshwa usingizini. "Khairiya, mimi sijui."

"Hujui vipi? Kinywa kilichosema cha nani?"

"Mara ya kwanza ulisomwa, hapana aliyesema. Sawa. Mara ya pili nikasimama, nikasifu. Nilisifu, Khairiya, mpaka mwenyewe nikaona haya. Wenzangu wakagonga meza, nikajua wamefahamu. Nikakaa, na jibu nimeshalitengeneza: Pemba bado ndogo kwa sheria kubwa kama hii, wangoje ikue. Nikahisabu mara ya tatu itakuwa labda baada ya msimu wa karafuu. Tukenda kula. Tuliporudi karani akasoma jina la muswada, jina tu, Mwenyekiti akasema wanaokubali waseme, wakasema, akagonga. Nikamuuliza jirani yangu, 'Jibu tunatoa lini?' Akanambia, 'Mheshimiwa, mara ya tatu ndiyo hiyo imepita. Hongera, umechangia vizuri.'"

"Na weye ukasemaje?"

"Nikamwambia ahsante."

Upawa nilionao mkononi nikautupa ukutani. Nikamwambia yote mnayoyafikiria na zaidi. Nikamwambia sheria si binti wa mtu, na Baraza si sebule ya Mzee Duni, na wale watu hawana haja ya kahawa yake. Yeye kainama tu. Kisha akasema jambo lililonivuruga zaidi.

"Na ubaya wenyewe, Khairiya, mengine niliyoyasema ni kweli. Kisima cha Wambaa kiko bondeni, chini ya makaburi, na watoto wanaumwa matumbo. Sasa sijui tena lipi nilisema kwa adabu na lipi nilisema kwa moyo."

Bi Mwanawema akabisha hodi. Aliingia na ufagio wake, uso umejaa furaha. "Mwanangu, hebu niambie mwenyewe. Uliwaambiaje?"

Soud akainuka, akambusu mkono. "Niliipokea kwa mikono miwili, mama. Niliisifu sana."

Bibi akacheka mpaka akashika mlango. "Basi wamenyimwa, washenzi wale!" Akatoka kwenda kufagia, na haikuwa Ijumaa. Mimi nikafungua kinywa nimwite. Soud akanishika kiganja, akanitazama, nikanyamaza. Nilimwonea huruma, nikamchukia, vyote pamoja.

Tukakaa hivyo. Waya ukavutwa kwenye kile kiwanja, na Bi Mwanawema akipita anausonya. Akisema sheria imenyimwa lakini wajinga hawajaambiwa. Haukupita muda mrefu akafa. Alikuwa amekaa jikoni anangojea chai, ananilaumu kuwa kuni ni mbichi, akainamisha kichwa. Nilidhani kakasirika.

Sasa tazameni mambo ya watu. Habari zilipotoka, Mzee Mwalim na watu wa juu hawakumuuliza mtu. Walichukua majembe yao wakenda nyuma ya nyumba, penye mlangilangi, wakachimba kati ya mume na mtoto. Turki naye na watu wa chini hawakumuuliza mtu. Walichukua majembe yao wakenda kwenye waya, wakachimba kaburi la kwanza la mstari wa Wambaa, ili Mheshimiwa asipate taabu na sheria yake mwenyewe. Kila upande unadhani unamfanyia Soud wema. Wakarudi wote na udongo miguuni, wakakutana kwetu uani, jeneza liko katikati, na kila mmoja anasema, "Tayari."

Nilikuwa dirishani na wanawake wenzangu. Niliona Soud anawatazama wale, anawatazama hawa. Na hapo ndipo akaingia Mmanga, tarishi wa Mudiri, yule mkubwa wetu wa serikali kule Chake Chake, na baiskeli yake. Mtu mpole, mwenyeji wa Madungu, kofia mkononi.

"Mheshimiwa, Mudiri anakupa pole nyingi. Anasema mama alikuwa mama wa sote. Anaomba aende kule kwenye waya, awe wa kwanza, watu wapate mfano. Na sheria, anasema, ni yako mwenyewe."

Soud akajikohoza. "Mwambie Mudiri tumemsikia. Rai yake ni njema, ya mtu mwema, na mama angelikuwa hai angelifurahi kuona anavyoheshimiwa na wakubwa..."

Loo! Watu wa Turki waliposikia hivyo wakashika miti ya jeneza, wanajua kakubali, wakavuta kwenda njiani. Watu wa Mwalim nao wakashika, wanajua kakataa, wakavuta kwenda nyuma ya nyumba. Jeneza likayumba. Shuka ya juu ikateleza upande. Mimi nilipiga ukelele dirishani, sijali nani ananisikia.

"Sitaki!"

Nilidhani ni Mzee Mwalim. Watu wote waligeuka kutafuta nani kasema. Alikuwa Soud.

"Sitaki, Mmanga. Usimwambie Mudiri nimemsifu. Mwambie Soud kasema hataki. Mama yangu analala hapa kwake."

Mmanga akabaki kaikamata kofia. "Ndo nimwambie hivyo hivyo, Mheshimiwa?"

"Hivyo hivyo."

Akazikwa pale, kati ya mume na mtoto. Hata Turki alisaidia kufukia. Khalafu watu wakakumbuka lile kaburi jengine, liko wazi kwenye waya, na kaburi lililochimbwa likaachwa tupu linawatia watu hofu, wanasema linaita mwengine. Soud akawaambia watie mgomba badala ya maiti, wafukie juu juu. "Msilipige sana udongo," akasema. "Lina mwenyewe." Sikulitia maanani neno lile wakati ule, nilikuwa na wageni wa kuwapikia.

Matanga yalipokwisha, akavaa koti lake akenda Chake Chake kujipeleka kwa Mudiri. Alinieleza walivyozungumza. Mudiri akamwambia, "Weye uliisifu sheria." Akasema, "Niliisifu." "Na weye umeivunja." "Nimeivunja." "Basi mimi nikufanye nini?" Soud akamwambia, "Kaburi la sheria lipo, limetiwa mgomba. Nitakuja kulilala mimi. Mama nimemlipia." Mudiri akafikiri, akaagiza kahawa, wakanywa, akamrudisha nyumbani. Nadhani naye alikuwa hajui aandike nini.

Barazani aliendelea kwenda, lakini alishaharibika. Kila muswada akisimama anasema, "Sitaki," anakaa. Alisema sitaki kwa muswada wa kuongeza skuli Pemba, ambazo anazitaka kuliko mtu yeyote. Wakamuuliza kama ndiyo nia yake, akasema hana hakika, wampe muda hadi mara ya tatu. Wenzake walimcheka. Mimi sikumcheka.

Akashikwa na kifua, akadhoofika. Siku moja nikimnywesha mchuzi wa samaki akanambia, "Kule kwenye waya, Khairiya. Lile la kwanza."

"Baba Time, usinifanyie hivyo! Hapa tuna nafasi, upande wa ukuta, mama yako mwenyewe alinionesha. Wewe na mimi."

"Sheria niliipokea mimi. Watu wa Wambaa wote wataambiwa wende. Nisipokwenda mimi, nani nitamwambia ende?"

Nililia, nikamtukana, nikamwapiza. Hakusema sitaki. Alinisifu. Alisifu mchuzi wangu, akasifu mikono yangu, akasema baba yangu alimpa heshima asiyoistahiki. Nikajua sitapata.

Wakautoa mgomba, umeshaoza, wakamlaza yeye. Yuko peke yake kwenye mstari wa Wambaa. Eda nimekaa ndani, nimeitimiza, na siku zote hizo nilikuwa nafikiria kifungu kimoja tu. Nyie mnakijua. Kila anayekuja awekwe ubavuni mwa aliyetangulia, bila ya mtu kuwekewa nafasi. Yeye mwenyewe ndiye aliyekisifu, redioni, Pemba nzima ikasikia. Maana yake ubavuni mwa mume wangu atalala yeyote atakayetangulia kufa hapa Wambaa. Na atakayetangulia, kwa macho yangu, ni Turki. Turki ana kikohozi. Ndani ya eda nilikuwa namsikia kutoka ng'ambo ya njia, anakohoa alfajiri, anakohoa adhuhuri, na kila akikohoa nashika kifua changu mimi.

Basi nimekuwa nikimpikia uji. Mwanzo nilimtuma Time, sasa napeleka mwenyewe. Uji wa mchele, na tui zito, na pilipili manga. Watu wanasema Bi Khairiya kapata moyo wa huruma na jirani. Sina huruma yoyote! Ati Turki na redio yake alale na mume wangu mpaka Kiyama, wabishane alikubali au alikataa, na mie nitupwe mwisho wa mstari na watu sijui nani? Hapana. Aishi. Aniishie mimi.

Juzi nikavaa buibui nikenda kwa Mudiri. Nikaketi kwa adabu, nikamwambia naomba nafasi moja tu, ubavuni mwa Soud, iachwe mpaka nije. Mudiri akanisikiliza mpaka mwisho. Khalafu akanisifu. Akasema hajapata kuona mke mwenye mapenzi kama yangu, na marehemu alikuwa mtu wa pekee, na ombi langu limempa heshima, amelipokea. Akaniagizia kahawa. Akanisindikiza mpaka ngazini.

Mudiri mama yake Mpemba, baba yake mtu wa Unguja. Sasa hapo nimesikia kinywa cha nani? Nilitembea njia nzima najiuliza, nikipita kwenye waya sikuthubutu hata kumtazama Soud. Nilipofika Wambaa nikachukua bakuli moja kwa moja mpaka dukani.

Turki akaniuliza, "Kasemaje Mudiri?"

"Kanisifu."

"Alhamdulillahi, basi kakubali!" akasema, na kikohozi kikamshika, akajishikilia mizani.

Nikamsogezea bakuli mpaka kidevuni.

"Kunywa, Bwana Turki," nikamwambia. "Kunywa wote, nitakuletea mwengine."